Naitreti isiyoshuka kwenye tangi la samaki: anza na kisima

Tangu mvua za masika zikatike, maabara yetu hapa Kigoma imekuwa ikipokea lalamiko lile lile kutoka kwa watu tofauti. Tangi la samaki la sebuleni, au la mapokezi ya nyumba ya wageni, linabadilishwa maji kila wiki. Samaki hawafi, lakini mwani umepanda kwenye vioo na kipimo cha naitreti, yaani kile kinachobaki majini baada ya kinyesi na mabaki ya chakula kuozeshwa na bakteria, kimegoma kushuka. Wengi wa walalamikaji wanafuga samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Wachache wana matangi ya maji ya chumvi yenye matumbawe, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, na hao ndio wenye uchungu zaidi kwa sababu ya fedha walizozamisha humo.

Safari ya amonia ya kinyesi kugeuzwa na bakteria kuwa naitraiti, kisha naitreti, naamini kila mfugaji anaifahamu, kwa hiyo siirudii. Niseme tu kwamba baharini, kwenye miamba yenye afya, naitreti huwa chini ya miligramu 1 kwa lita. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga kati ya 2 na 10. Ikikaa juu ya 50 kwa muda mrefu, vimwani vinavyoishi ndani ya tumbawe hunawiri kupita kiasi na rangi zote nzuri hugeuka kahawia. Samaki wa ziwani ni wavumilivu zaidi, ila uvumilivu huo usigeuzwe ruhusa.

Kabla ya kulaumu tangi, hakikisha kipimo chako kinasema kweli. Kijana mmoja alikuja na kisanduku chake cha vipimo vya matone. "Shikamoo mama, hiki kipimo kibovu, leo kinasoma 10, juzi 80." Nikamwambia apime mbele yangu. Akadondosha matone ya chupa ya kwanza, akachukua ya pili, akadondosha bila kuitikisa. Unga wa dawa ulikuwa umelala chini ya chupa, mweupe, unaonekana kabisa ukiiinua kwenye mwanga. Tukaitikisa nusu dakika kwa nguvu, tukatikisa na mrija dakika nzima, tukasubiri dakika tano. Rangi ikatoka nyekundu kama juisi ya rozela, yaani naitreti ilikuwa nyingi. Maelekezo yamo kwenye karatasi ndani ya kisanduku. Karatasi hiyo ilikuwa bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani.

Angalia pia kipimo chako kinahesabu nini. Vingine hutoa jibu la naitreti yenyewe, vingine hutoa la naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti. Miligramu 10 za naitrojeni ni sawa na miligramu 44 za naitreti. Mtu anasoma 10, anafurahi, kumbe yuko kwenye 44.

Sasa tuje kwenye kiini. Wanaokuja kwetu karibu wote wamepima maji ya tangini, na karibu wote hawajapima maji wanayoyaingiza. Chukua tangi ambalo chakula na kinyesi huongeza miligramu 10 kwa lita kila wiki, na mwenyewe hubadilisha asilimia 20 ya maji kila Jumamosi. Maji mapya yakiwa safi, naitreti itatulia kwenye 50 kabla ya kubadilisha na 40 baada ya kubadilisha, na itabaki hapo mwaka mzima. Akibadilisha nusu ya tangi badala ya asilimia 20, itatulia kwenye 20 na 10. Lakini maji ya kisima chake yakiwa tayari na 40, ile asilimia 20 ya kila Jumamosi itamweka kwenye 90 kabla na 80 baada. Abadilishe mpaka achoke, hatashuka chini ya 40. Kila ndoo anayomimina inakuja na mzigo wake.

Naitreti inaingiaje kisimani? Kwa kawaida kutoka chooni. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na shimo la choo, au chini yake kwenye mteremko, hupokea kinachopenya udongoni, na milima yetu hii mteremko haukosekani. Mbolea ya shambani na zizi la ng'ombe vina mchango wao. Ushauri wa kawaida ni angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na choo kiwe upande wa chini. Maji ya namna hii huwa maangavu, matamu, hayana harufu. Macho hayawezi kuyatilia shaka.

Hapa naomba niseme wazi, maana nimechoka kuyajibu haya dirishani. Kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki yote, kwa hiyo kila lita inatoka na nyingi zaidi kuliko ilivyoingia. Klorini haiondoi. Shabu haiondoi. Mkaa hauondoi, hata ukiwa wa mti gani. Kinachoondoa ni mtambo wa kuchuja kwa utando, kama ule wa wauza maji ya kujaza kwenye madumu, au chujio lenye chembe maalumu za kunasa naitreti. Maji ya mvua yana naitreti kidogo na wafugaji wa samaki wa ziwani wanaweza kuyatumia, mradi waache mvua ya kwanza ioshe paa na warudishe madini yanayokosekana. Kwa matumbawe, maji ya bati siyapendekezi, kwa sababu zinki ya bati huwadhuru viumbe wasio na uti wa mgongo.

Na chumvi ya Uvinza ni chumvi nzuri sana ya mboga. Haitengenezi bahari. Tumbawe linahitaji kalsiamu, magnesiamu na mengine ambayo chumvi ya jikoni haina kwa kiwango kinachotakiwa.

Maji yanayoingia yakithibitika kuwa safi, ndipo utuhumu chakula na chujio. Punguza chakula. Sponji iliyojaa matope ni kinyesi kilichohifadhiwa, isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini ili bakteria wasife. Wenye matumbawe wanaotia pombe kali tangini kulisha bakteria wajue njia hiyo ipo na inafanya kazi, kwa vipimo vya mililita na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) yenye nguvu. Ukimimina kwa kukadiria, bakteria watafumuka, watamaliza oksijeni usiku, na asubuhi utakuta samaki wameelea.

Utaratibu wa kuleta sampuli ni huu, na tunaomba ufuatwe kama ulivyo. Tumia chupa safi ya plastiki ya lita moja iliyokuwa na maji ya kunywa. Dumu la mafuta, chupa ya soda na chupa ya dawa havipokelewi. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayotaka yapimwe. Ikiwa ni kisima cha pampu, acha maji yatoke dakika kadhaa kwanza. Jaza mpaka mdomoni, funga, andika kwa kalamu isiyofutika: tarehe, saa, mtaa, aina ya chanzo, na makadirio ya umbali hadi choo kilicho karibu. Weka kwenye kasha lenye barafu na ulete ndani ya saa 24. Leta chupa mbili, ya chanzo na ya tangi, kila moja na jina lake. Chupa isiyo na maandishi itarudishwa, hata kama mwenyewe yupo anaeleza kwa mdomo.

Kuhusu sheria, kukamata samaki hai wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake. Leseni ya dagaa haikuruhusu. Maji yaliyo ndani ya mipaka ya hifadhi za Gombe na Mahale si mahali pa kuvulia. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Na aliyechoka na tangi asilimwage ziwani, awe na samaki wa kigeni au maji ya chumvi tu. Kisheria anaweza kukabiliwa na faini au kifungo, na "sikujua" haijawahi kuwa utetezi.

Yule kijana wa chupa isiyotikiswa alirudi na maji ya kisima chao. Yalisoma juu ya 50, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe kwenye maji ya kunywa. Nikamuuliza nani mwingine anachota hapo. Akataja wapangaji wanne, mmoja ana mtoto wa miezi miwili anayekorogewa maziwa ya kopo. Kwa mtoto wa umri huo naitreti nyingi huizuia damu kubeba oksijeni, akageuka bluu midomoni. Siku hiyo habari za tangi tuliziacha.

Kwa hiyo mwenye mtoto chini ya miezi sita anayetumia maji ya kisima asipange foleni na wenye samaki. Aje moja kwa moja dirishani na chupa yake, na mpaka majibu yatoke amkorogee maziwa kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa.