Kukuza maua ya tunguu bila udongo: maana yake

Ni kuliweka tunguu la ua, yaani sehemu nene yenye umbo la kitunguu ambamo ua huota, juu ya maji, au katikati ya kokoto zenye maji kidogo, ndani ya nyumba, mpaka litoe mizizi, majani na hatimaye ua. Watu huichanganya njia hii na haidroponiki, ambako mboga hulishwa kwa maji yenye virutubisho. Huku hakuna kinachoongezwa: maji ni ya bomba, na chakula chote kimo ndani ya tunguu lenyewe.

Kitunguu kilichosahauliwa jikoni huchipua bila kupandwa, na tunguu la ua ni hivyo hivyo. Magamba yake manene ni akiba ya msimu uliopita. Ukilipasua tunguu lililokomaa la hayasinti, mojawapo ya maua haya, unakuta katikati kishada kidogo cha maua kimeshajipanga. Kazi ya mkuzaji ni kukiamsha tu.

Kukiamsha ndiko kwenye shughuli. Asili ya hayasinti ni Uturuki, Syria na Lebanon, ambako hupitia miezi ya baridi kabla ya kuchanua. Likikosa baridi hiyo, ua hukwama chini kabisa katikati ya majani. Kwa hiyo tunguu huwekwa gizani, kwenye nyuzi 4 hadi 9 za Selsiasi, kwa wiki 10 hadi 14. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hilo maana yake ni friji, na friji ina mtego wake: tufaha na ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini inayoweza kuliua ua likiwa bado ndani. Andika jina kwenye mfuko pia, maana tunguu hili lina sumu na mpishi mwenye haraka anaweza kulidhania kitunguu. Hata kulishika huwasha ngozi, basi vaa glavu.

Baadaye tunguu hukalishwa kwenye chombo cha kioo chenye shingo nyembamba, maji yakiishia chini kidogo ya kitako cha tunguu. Kitako kikiloa, kinaoza. Mizizi hushuka yenyewe kuyafuata maji.

Asiyetaka habari za friji achukue narsisi nyeupe, maua mengine ya tunguu, za ukanda wa Mediterania. Hizo hazidai baridi. Kwenye kokoto huchanua baada ya wiki 4 hadi 6, ingawa harufu yake si kila mtu anaivumilia. Tatizo lake ni kurefuka na kuanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waligundua kwamba maji yenye alkoholi ya asilimia 4 hadi 6 huufupisha mmea kwa theluthi moja au zaidi, na maua yakabaki na ukubwa wake. Pombe kali iliyozimuliwa inatosha, bia haifai kwa sababu ya sukari.

Likishachanua kwenye maji, tunguu huwa limekwisha nguvu. Narsisi hutupwa. Hayasinti, penye nchi za baridi, huweza kufukiwa bustanini, lakini huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua vizuri tena.