Je, wajua kwa nini Mwingereza anasema "faster" lakini "more quickly"?

Ukiuliza darasani kwa nini tunaandika "she runs faster" halafu "she runs more quickly", wakati fast na quickly zote zinaeleza mbio zile zile, jibu la kwanza litakalotoka ni la silabi: neno fupi linaongezewa -er mwishoni, neno refu linatanguliziwa more. Jibu hili limo kwenye madaftari mengi sana na lina ukweli wake, ila ukweli wenyewe ni wa vivumishi, yale maneno ya kusifu kitu kama big na beautiful. Ukilipeleka kwenye vielezi, maneno yanayosema kitendo kimefanyikaje, linaanza kuchechemea, na mwanafunzi anakatwa maksi bila kuelewa kakosea wapi.

Lipime tu mwenyewe. Early ina silabi 2, na tunasema "she arrived earlier", safi kabisa. Quickly nayo ina silabi 2, lakini quicklier hakuna anayeiandika leo, ni more quickly. Happy, ambayo ni kivumishi, nayo silabi 2 na inakuwa happier bila shida. Kwa hiyo urefu wa neno hauwezi kuwa ndo sababu. Sababu ni hii: hicho kielezi kimeundwa kwa kuongezewa -ly juu ya kivumishi, au kina umbo lile lile la kivumishi? Ondoa -ly kwenye quickly, unabaki na quick, kivumishi kamili, basi hiyo inachukua more, na ikiwa ni kupita wote inachukua most. Ondoa -ly kwenye early, unabaki na ear, sikio, haihusiani kabisa, manake early yenyewe ni kivumishi na kielezi kwa wakati mmoja. Ndo maana ni earlier, earliest. Fast, hard, late, long, high na loud ziko kundi hilo hilo: harder, latest, louder.

Sasa hayo makundi mawili yalitoka wapi, hapo ndo pananoga. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilikuwa na njia nyepesi ya kutengeneza kielezi, unachukua kivumishi unakiwekea -e mwishoni. Heard ilikuwa "gumu", hearde ikawa "kwa nguvu". Kielezi hicho kilikuwa hata na mwisho wake wa kulinganisha, -or, kwa hiyo heardor ndo bibi yake harder ya leo. Halafu karne zikapita, ile -e ya mwisho ikawa inatamkwa kwa udhaifu mpaka ikapotea kabisa mdomoni, na hearde ikabaki hard tu, sawasawa na kivumishi chake. Pembeni kulikuwa na njia nyingine, ya -lice, iliyotokana na lic, neno lililomaanisha mwili au umbo, na huyo ndo mzazi wa -ly. Baada ya -e kufa, -ly ikawa ndo alama iliyobaki ya kuonyesha kwamba hiki ni kielezi, ikasambaa kila mahali.

Lifikirie neno kama lori. Hard haina tela, ndoano yake ya nyuma iko wazi, -er inafungwa pale moja kwa moja. Quickly tayari inavuta tela la -ly, ndoano imeshatumika, kwa hiyo ukitaka kuongeza kitu unakiweka mbele, na hicho cha mbele ndo more. Ila nisikudanganye kwamba matela mawili hayawezekani, zamani yalifungwa. Shakespeare kwenye tamthilia yake The Tempest, ya mwaka 1611 hivi, ana mtu anayesema "wiselier", wise na -ly na -er zote kwa mpigo. Ni mazoea ya watu ndo yaliyoiacha hiyo njia, sauti zenyewe hazikukataa.

Na "more faster" je? Hili ni kosa linalosikika sana kwetu, na aliyelisema anaambiwa hajui Kiingereza. Kuweka alama mbili za kulinganisha lilikuwa jambo la kawaida Uingereza kwenyewe. Kwenye Julius Caesar, tamthilia nyingine ya Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili, Antony anasema "the most unkindest cut of all", mbele ya umati, na hakuna aliyemzomea kwa sarufi. Baadaye waandishi wa vitabu vya sarufi wakaikemea, mmojawapo Robert Lowth mwaka 1762, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, akasema hizo alama mbili hazifai. Leo kwenye mtihani andika faster peke yake, lakini ujue sheria hiyo ina umri gani.

Mtego mkubwa zaidi ni hardly. Mtu anataka kusema dada yake anafanya kazi kwa bidii, anaandika "she works hardly", na aliyesoma anaelewa kwamba dada hafanyi kazi, karibu na sifuri. Hard na hardly zilitoka tumbo moja zikaachana maana, kama late na lately. Bidii ni harder, hardest.

Kuna wachache ambao hawakai kundi lolote. Well na badly zinaazima maneno mengine kabisa, better na worse. Soon haina kivumishi inachofanana nacho lakini inasema sooner. Often ndo ngumu kuliko zote, haina -ly wala haifanani na kivumishi cha leo, na oftener ni Kiingereza halali ila ina harufu ya vitabu vya zamani, kwa hiyo andika more often.