Safisha nyumba machipuko haya, lakini bahasha ya karatasi iguse mwisho

Theluji imeyeyuka, madirisha yamefunguliwa, na manispaa nyingi hapa Marekani zimeanza kutangaza siku za kuchukua takataka kubwa. Familia zetu zinazozungumza Kiswahili nazo zimeshika ufagio. Ofisi yetu, inayohudumia wakimbizi na wahamiaji katika mambo ya makazi na nyaraka, inafurahia jambo hili kwa dhati. Nyumba iliyojaa hadi mlangoni inachosha akili, na chumba ambacho dirisha lake halifikiki ni hatari moto ukitokea. Shida yetu ni kwamba kila machipuko watu hutujia wakiwa wameshatupa karatasi ambayo serikali bado itawadai. Mwaka huu wameanza kuja mapema, ndiyo maana tunaandika.

Makala hii ni elimu kwa umma, si ushauri wa kisheria, na taratibu za uhamiaji hubadilika. Kwa jambo linalogusa kesi yako, mwone wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Jirani aliyepata uraia mwaka jana anakutakia mema, lakini kesi yake si yako.

Tuanze na I-94, karatasi ya kuingilia nchini. Watu wengi wakishapata grini kadi, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu, huona kazi ya I-94 imekwisha, wakaitupa pamoja na barua za matangazo. Haijaisha. Ndiyo inayoonyesha kwamba uliingia kama mkimbizi na siku uliyoingia, na ofisi za misaada ya afya na chakula zinaweza kuiomba hata baada ya miaka. Aliyeingia miaka ya karibuni anaweza kuitafuta tena kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Asiyeipata huko hujaza fomu I-102, hulipa ada, kisha husubiri. Grini kadi iliyopotea inaombwa kwa fomu I-90, nayo ina ada yake na kusubiri kwake. Kadi ya Social Security hubadilishwa bure, ila mtu hupewa nakala zisizozidi 3 kwa mwaka na 10 katika maisha yake yote, ukiacha hali chache za pekee. Tena tafadhali msiipeleke ikapigwe laminesheni. Tunalisema hili kila mwaka, na kila mwaka tunaletewa kadi zinazong'aa.

Kuna kundi la karatasi ambalo tunaomba lisiguswe kabisa: kadi ya ubatizo, ripoti ya shule ya msingi, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya mgao kutoka kambini. Wengi wetu tuliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu siku ya kuandikishwa pale kambini hapakuwa na cheti. Karatasi ya zamani yenye tarehe nyingine huwatia watu hofu, na mtu mwenye hofu huchana. Usichane, na pia usianze kutumia tarehe mpya kwa uamuzi wako. Ipeleke kwa wakili ilivyo. Tofauti ya tarehe ina maelezo, na maelezo hayo yanahitaji karatasi yenyewe.

Karatasi za kodi ndizo zinazoulizwa sana mwezi huu. Mamlaka ya mapato, IRS, kwa kawaida hutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 3 tangu ulipowasilisha. Kama uliacha kuonyesha kipato kinachozidi asilimia 25 ya kile ulichoandika, muda huwa miaka 6. Kama hukuwasilisha kabisa, hakuna kikomo. Sisi tunamshauri anayetazamia uraia atunze zile za miaka 5 pamoja na W-2 zake, yaani fomu za mshahara kutoka kwa mwajiri. Zilizozidi hapo, kama ule muda mrefu zaidi haukuhusu, zipite kwenye mashine ya kukatia karatasi, maana zina namba yako ya Social Security, na pipa la takataka la apatimenti hufunguliwa na kila mtu. Risiti za mkopo wa tiketi ya ndege uliotolewa kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, zibaki mpaka upate barua kwamba umemaliza. Risiti za dukani, bima zilizokwisha na matangazo ya pizza yatoke leo.

Machipuko pia ni wakati wa kuhama, na hapa subira yetu hujaribiwa. Kwenda posta kubadilisha anwani si kuijulisha idara ya uhamiaji, USCIS. Posta haipeleki taarifa hiyo. Asiye raia anatakiwa kuripoti anwani mpya ndani ya siku 10 tangu kuhama, kwa fomu AR-11 au kupitia akaunti yake ya mtandaoni ya USCIS, bila malipo. Kila mtu huripotiwa kwa jina lake, pamoja na watoto wasio raia. Kifungu chenyewe cha sheria kinataja faini ya hadi dola 200, kifungo cha hadi siku 30, au vyote viwili, na kinaruhusu hata hatua ya kuondolewa nchini kwa asiyeweza kuonyesha kwamba hakukusudia au alikuwa na sababu ya msingi. Hatusemi hivi kuwatisha. Kinachowapata watu mara nyingi ni barua ya miadi kwenda nyumba ya zamani, miadi ikapita, na ombi likafungwa kwa madai kwamba mwombaji amelitelekeza. Kwa hiyo hifadhini nakala ya uthibitisho wa AR-11 ndani ya bahasha ileile ya I-94.

Sasa vitu visivyo karatasi. Katika nyumba tunazotembelea tunakuta mablanketi ya UNHCR, masufuria yenye matundu, magunia ya unga yaliyokunjwa vizuri na mapipa ya nguo zinazosubiri kutumwa Uvira au Bujumbura. Vijana hutuomba tuwasaidie kumshawishi mama atupe. Tunawasihi wawe wapole. Kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo walioishi humo miaka ishirini, wakipimiwa unga na kuni. Mtu aliyekimbia mara mbili akiacha kila kitu anajua kwamba kilichotupwa hakirudi. Kumtolea vitu vyake akiwa kazini si usafi, na tumeona ukoo ukigombana mwaka mzima kwa ajili ya gunia. Keti naye, mwache ashike kila kitu na kusema kilitoka wapi, kisha yeye mwenyewe achague vichache vya kubaki. Ikiwa kuachana hata na mifuko mitupu kunamletea kilio au kukosa usingizi, hapo pana jeraha, na daktari wake anaweza kumwelekeza kwa mshauri wa afya ya akili atakayeongea naye kupitia mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumpatia mkalimani bila malipo. Asiletwe mjukuu kutafsiri machozi ya bibi yake.

Kuhusu mapipa ya nguo, kubalini kwamba mengine hayatasafiri. Anayewaza kupeleka mzigo mkubwa kupitia Rwanda ajue kwamba mwaka 2016 ushuru wa mitumba ulipandishwa huko kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Nguo inayovalika ipewe mtu wa hapa anayeihitaji. Ukiamua kuuza vitu uani, angalia kwanza kama bidhaa imeondolewa sokoni kwa usalama, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 2008 kuuza bidhaa ya namna hiyo ni kosa, hata kwa mtu binafsi. Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoteremka vilipigwa marufuku kuuzwa mwaka 2011. Kitanda cha namna hiyo msimpe hata mgeni aliyefika jana, ambaye hawezi kukataa.

Dawa za zamani zina siku yake. Mwishoni mwa Aprili, siku ya Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, vituo vingi vya polisi na maduka ya dawa hupokea vidonge visivyotumika katika siku ya kitaifa inayoandaliwa tangu 2010 na DEA, idara ya kudhibiti dawa za kulevya. Hakuna anayeulizwa jina wala hadhi yake ya uhamiaji. Sindano hazipokelewi. Kama huwezi kufika, changanya vidonge na udongo au makapi ya kahawa, funga ndani ya mfuko, weka kwenye takataka, na ufute jina lako kwenye chupa. Si kila dawa inamwagwa chooni. Orodha ya zinazoruhusiwa ni fupi, nyingi zikiwa dawa kali za maumivu, na ni pale tu usipopata mahali pa kuzirudisha.

Meza ikishakuwa tupu, ombi letu ni moja: iwe ya kusomea. Wengi wanachelewa kwa kuamini kwamba miaka 5 ya uraia huhesabiwa tangu kadi ilipofika kwa posta. Kwa mkimbizi, tarehe ya ukaaji hurudishwa hadi siku aliyoingia nchini. Soma kadi yako palipoandikwa tangu lini wewe ni mkaaji, hesabu kuanzia hapo, na fomu N-400, ya kuomba uraia, inaweza kupelekwa siku 90 kabla ya miaka 5 kutimia. Utaulizwa anwani, kazi na safari zako za nje za miaka hiyo, kwa hiyo pasipoti na hati za safari zilizokwisha muda nazo ziingie kwenye bahasha.

Na bibi anayesema Kiingereza hakimwingii asiambiwe kwamba basi, safari yake imeishia hapo. Mwenye umri wa miaka 50 aliyekuwa mkaaji wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa miaka 15, hasomi wala haandiki Kiingereza kwenye mtihani. Huulizwa maswali ya uraia kwa Kiswahili, akiwa na mkalimani. Ambaye hajafikisha miaka hiyo atafute darasa sasa. Maktaba nyingi za umma hufundisha bure, na hakuna anayehitaji kuleta nyaraka za uhamiaji ili akae kwenye kiti.