Je, wajua kwa nini Wafilipino wako kila kona ya dunia?

Meli ya mizigo ikitia nanga Mombasa au Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa kwamba mpishi wake, fundi wa injini au hata nahodha mwenyewe ni Mfilipino. Kwenye hospitali za London wauguzi wa Kifilipino wamejaa. Hong Kong, siku ya Jumapili, uwanja ulio wazi chini ya jengo la HSBC pale Central hugeuka kuwa mtaa mzima wa wanawake wa Kifilipino: wametandika maboksi yaliyokunjuliwa, wamevua viatu na kuvipanga pembeni, wanasukana nywele, wanakula wali waliobeba, wanaongea na watoto wao kwa simu za video. Ni siku yao ya kupumzika, na nyumba wanamolala ni za mabosi wao, kwa hiyo mapumziko yanafanyika hapo chini kwenye sakafu ya benki. Nasi huku, anayerudi kutoka kazi za ndani Riyadh au Doha mara nyingi ana habari ya Mfilipina wa nyumba ya jirani, aliyefanya kazi ileile kwa mshahara mkubwa zaidi.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba kwao ni maskini. Jibu hilo halitoshi. Nchi maskini ziko tele, na nyingine ni maskini kuliko Ufilipino mara nyingi, lakini hazina watu milioni mbili na ushee wenye mikataba ya kazi ng'ambo kwa wakati mmoja. Umaskini unamfanya mtu atamani kuondoka. Ila kutamani hakukupi pasipoti, mwajiri wala tiketi ya ndege. Kwa Wafilipino, aliyetengeneza njia ni serikali, na tarehe aliyoanza kazi hiyo inajulikana.

Si kwamba kabla ya hapo walikuwa hawasafiri. Marekani ilivitawala visiwa hivyo tangu 1898 hadi 1946, na mwaka 1906 wanaume 15 wa kwanza walipelekwa Hawaii kwenye mashamba ya miwa. Nyuma yao wakafuata maelfu. Wamarekani pia walileta shule za Kiingereza na vyuo vya uuguzi vyenye mtaala wa kwao, kwa hiyo muuguzi aliyehitimu Manila aliweza kuingia wodi ya Chicago bila kuanza upya. Kuanzia 1948 wengi walikwenda Marekani kwa mpango wa mafunzo ya kubadilishana. Lakini huo ulikuwa uhamiaji wa kawaida, kila mtu na bahati yake.

Mambo yalibadilika tarehe 1 Mei 1974. Rais Ferdinand Marcos, ambaye tangu 1972 alikuwa anatawala kwa sheria ya kijeshi, alitia saini sheria mpya ya kazi. Ndani yake kulikuwa na vifungu vinavyoipa serikali jukumu la kutafuta ajira ng'ambo, kuzisimamia na kuhakikisha mishahara inarudi nyumbani. Muda aliochagua ulikuwa na hesabu yake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara nne. Ufilipino, inayoagiza mafuta, ilikuwa inaumia. Saudia na majirani zake walikuwa na pesa wasizojua wazipeleke wapi, wakaanza kujenga barabara, bandari na viwanda bila kuwa na mafundi wa kutosha. Manila ilikuwa na vijana wenye elimu, wanaojua Kiingereza, wasio na kazi na wenye hasira. Kwa mtawala wa aina ile, kijana mwenye hasira aliyeko Jeddah ana faida mbili: haandamani, na anatuma dola.

Waziri wa kazi wa wakati huo, Blas Ople, aliiona hatua hiyo kama ya mpito, mpaka uchumi ukae sawa. Mwaka 1975 waliopelekwa walikuwa takriban 36,000, wengi wao mabaharia. Kufika 1983 walizidi 400,000 kwa mwaka mmoja. Uchumi haukukaa sawa, na mpito umeshapitisha miaka hamsini.

Tamaa ya zile dola ilifika mahali pabaya. Desemba 1982 Marcos alitoa amri kwamba kila aliye ng'ambo atume nyumbani sehemu kubwa ya mshahara wake kupitia benki: wafanyakazi wa ndani nusu, mabaharia asilimia 80. Asiyetii, pasipoti yake haifanywi upya. Wale wanawake wa Hong Kong, ambao hakuna aliyewadhania kuwa nguvu ya kisiasa, walijipanga wakapinga, na mwaka 1985 adhabu zikafutwa. Kwa mabaharia, hata hivyo, ule utaratibu ulibaki. Mpaka leo mkataba wa baharia wa Kifilipino unataka angalau asilimia 80 ya mshahara wake wa msingi iende kwa familia.

Hao mabaharia wana soko lao, na ni soko kwelikweli. Liko Manila, kandokando ya barabara ya Kalaw, karibu na bustani ya Luneta. Watu wa mawakala wa meli husimama na mabango yaliyoandikwa wanachotafuta: ofisa wa pili, fundi umeme, mpishi, bosuni. Wanaume wenye bahasha za vyeti hupita bango kwa bango wakisoma. Kijana aliyetoka chuo cha ubaharia anakuta hakuna anayemtaka, maana ili amalize masomo yake anahitaji muda baharini, na ili apate muda baharini anahitaji meli. Basi wengi hujipeleka kwenye ofisi za mawakala kufanya kazi bure: kupeleka barua, kusafisha, kununua chakula cha bosi, miezi kadhaa au zaidi, wakingoja kupewa nafasi. Wafilipino husifiwa kuwa "mabaharia bora duniani", na sipendi kuirudia sifa hiyo bila kutaja hawa wanaofagia ofisi.

Utaratibu wenyewe kwa anayekwenda kufanya kazi ya nyumbani unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo lile swali la mshahara wa jirani linapojibiwa. Mfilipina hapandi ndege kwenda kazini kwa viza tu. Mkataba wake unapaswa kukaguliwa kwanza na ofisi ya kazi ya Ufilipino iliyoko katika nchi anakokwenda. Anahudhuria semina kabla ya kuondoka. Mwajiri au wakala analipia dola 25 za mfuko wa ustawi wa wafanyakazi. Mwisho anapewa cheti cha kuondokea, na ofisa uhamiaji wa uwanja wa ndege asipokiona anamrudisha. Kuna kifungu kingine ninachokiona ndicho chenye meno kuliko vyote: wakala wa Manila anawajibika pamoja na mwajiri. Bosi wa Riyadh asipolipa, mfanyakazi anaweza kumshtaki wakala huko nyumbani na kumdai yeye zile pesa.

Kisha mwaka 2006, baada ya vita vya Lebanon kulazimisha kuwaondoa maelfu ya Wafilipina waliokuwa wakifanya kazi za ndani huko, Manila ilitangaza masharti mapya. Kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani kiwe dola 400 kwa mwezi, takriban mara mbili ya ilivyokuwa, na asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Nchi za Ghuba zilinung'unika. Mwaka 2011 Saudia ikaacha kabisa kutoa vibali kwa wafanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino na Indonesia, na mawakala wake wakageukia kwingine, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka uliofuata Saudia ilirudi mezani, ikakubali zile dola 400, yaani riyal 1,500. Mikataba mingi ya Wakenya na Waganda iliandikwa mshahara mdogo kuliko huo. Nyumba zinafanana, deki ni ileile na watoto wanasumbua vilevile. Aliyetofautiana ni aliyekaa nyuma ya mfanyakazi wakati mkataba unaandikwa.

Nisieleweke kwamba Wafilipina wako salama. Wapo wanaofika na kupewa mkataba mwingine wenye mshahara mdogo, na mfumo wa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja hata kama mikono ya huyo mwajiri ni mizito. Februari 2018 mwili wa mmoja wao ulikutwa ndani ya friza kwenye nyumba iliyohamwa huko Kuwait. Rais Rodrigo Duterte alisimamisha upelekaji wa wafanyakazi, na Mei mwaka huohuo nchi hizo mbili zikasaini makubaliano yanayosema, pamoja na mengine, kwamba mwajiri asikae na pasipoti wala simu ya mfanyakazi. Fikiria ni mambo gani yanahitaji kuandikwa kwenye mkataba wa mataifa.

Suala hili lina uzito katika siasa za Ufilipino tangu 17 Machi 1995. Siku hiyo Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani aliyehukumiwa kwa mauaji ya Mfilipina mwenzake na mtoto wa miaka minne. Wafilipino wengi waliamini hakutenda, na wengi zaidi waliamini serikali yao haikumpigania. Balozi akaitwa nyumbani, mawaziri wawili wakaondoka, na kufika Juni Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa ng'ambo. Sheria hiyo ina sentensi ya ajabu: inatamka kwamba Serikali haiendelezi ajira za ng'ambo kama njia ya kukuza uchumi. Iliandikwa na nchi ambayo tayari ilikuwa na ofisi, semina, fomu na mihuri ya kazi hiyohiyo, na ambayo rais wake Corazon Aquino alikuwa amewaambia wafanyakazi wa Hong Kong mwaka 1988 kwamba wao ndio mashujaa wapya wa taifa. Mwishoni mwa 2021 kazi ya kusimamia ajira hizo za ng'ambo ilipewa wizara yake kamili.

Shujaa huyo nyumbani anaonekana kwa umbo la boksi. Ni boksi kubwa la karatasi ngumu linalowekwa pembeni ya chumba huko Dubai au Milano na kujazwa kidogokidogo: makopo ya nyama, sabuni, dawa ya meno, taulo, chokoleti, viatu vya shule. Linasafiri kwa meli wiki nyingi, na bei hufuata ukubwa wa boksi badala ya uzito, ndiyo maana linashindiliwa mpaka linavimba. Ufilipino Krismasi huanza kusikika madukani tarehe 1 Septemba, na wanaotaka boksi lifike kwa wakati hawachelewi sana baada ya hapo. Mwaka 2015 idara ya forodha ilipotangaza kwamba itayafungua kwa kubahatisha kutafuta magendo, zikazuka hasira ambazo kashfa za mabilioni hazikuwahi kuziamsha. Rais Benigno Aquino wa Tatu aliamuru upekuzi huo ukome ndani ya siku chache. Anayepokea boksi mara nyingi ni bibi au mama mdogo, maana ndio wanaolea. Wapo watoto waliofika chuo kikuu wakiwa wamekaa na mama yao, ukijumlisha likizo zote, miezi michache tu.

Kwa nini basi jambo hili la kupeleka watu ng'ambo haliachwi? Kwa sababu ya hesabu. Mwaka 2023 fedha zilizotumwa nyumbani zilifika dola bilioni 37, zaidi ya asilimia 8 ya pato la taifa. Ndizo zinazojenga nyumba za matofali vijijini, kulipa ada na kujaza maduka makubwa ya Manila, na ndizo zinazoisaidia peso isiporomoke. Vyuo vinafundisha wauguzi kwa kuangalia soko la nje, huku hospitali za mikoani zikiwa na upungufu. Aprili 2020, korona ilipoingia, serikali iliwazuia wauguzi kuondoka; Novemba ikalegeza, kwa kikomo cha 5,000 kwa mwaka. Wauguzi wenyewe walilalamika, wakisema mshahara wa nyumbani hautoshi na wana madeni ya chuo. Nairobi, ambako serikali sasa inawahimiza vijana kwa mpango wa Kazi Majuu na mwaka 2024 ilisaini makubaliano ya uhamiaji na Ujerumani, sehemu hii ya habari inafaa kusomwa mara mbili.

Fedha hizo zinampa mtumaji kauli, au ndivyo anavyoamini. Tangu 2003 Wafilipino walioko nje wana haki ya kupiga kura, na wagombea hupiga kampeni hadi Dubai. Machi 2025, Duterte alipokamatwa Manila na kupelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, wafuasi wake walioko Ulaya walitangaza wiki nzima ya kutotuma pesa, kuanzia 28 Machi hadi 4 Aprili, ili kuibana serikali ya Ferdinand Marcos Mdogo, mwana wa yule wa 1974. Takwimu za benki kuu zilipotoka, fedha za Machi na za Aprili zilikuwa zimeongezeka kuliko za mwaka uliotangulia. Shule zilikuwa zinafunguliwa Juni.