Je, wajua mtu wa kawaida huitwa mzalendo lini, na nani humwita?

Jumapili ya tarehe 28 Mei 2023 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha kuonyeshea mpira, Mbagala, tumebanana kwenye benchi la mbao, feni moja inazunguka kwa kujivuta. Yanga walikuwa wanacheza na USM Alger ya Algeria pale kwa Mkapa, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha, watu wakaruka, soda za watu zikamwagika. Dakika mbili tu baadaye Waalgeria wakafunga la pili. Kibanda kikawa kimya kama msibani. Kutoka kona ya nyuma ikasikika sauti ya mtu mmoja anapiga makofi, taratibu, bila wasiwasi wowote. Alikuwa na fulana nyekundu ya Simba, mahasimu wa Yanga.

"Wewe siyo mzalendo!" akafokewa na baba mmoja wa makamo aliyevaa kijani cha Yanga. "Timu ya nchi yako inafungwa, unashangilia?"

Yule wa nyekundu hata hakukasirika. "Mzee wangu, uzalendo wangu uko Taifa Stars. Mfungaji wenu Mkongo, kocha wenu Mtunisia. Hapo mimi nimeisaliti nchi gani?"

Watu wakacheka, hata wa kijani wengine. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali. Ni kitu gani hasa ambacho yule baba alimnyang'anya mwenzake aliposema "siyo mzalendo"? Na nani alimpa mamlaka ya kumnyang'anya?

Tuanze na neno lenyewe. Lipasue uone: mle ndani mna "zaa". Mzalendo kwa maana yake ya chini kabisa ni mtu wa kuzaliwa mahali, mwenyeji. Maana hiyo haijafa. Fungua kurasa za michezo za gazeti lolote la Dar es Salaam utakuta "kocha mzalendo", na mwandishi hamaanishi kwamba kocha huyo anaipenda bendera kuliko wengine. Anamaanisha hakutoka Ureno wala Serbia, basi. Ndugu zake neno hili ni "mzawa", lililopamba moto katika siasa za uchumi za miaka ya 1990, na "mzalia", ambalo lina historia chungu kidogo: enzi za utumwa pwani, wazalia walikuwa watumwa waliozaliwa hapahapa, wakatofautishwa na walioletwa juzi kutoka bara. Kwa hiyo tangu zamani maneno ya ukoo huu yamekuwa yakifanya kazi ya kupanga watu: huyu wa hapa, yule wa kuja.

Harakati za uhuru ndizo zilizolipa neno mzalendo joto jipya. Kuzaliwa peke yake hakukutosha tena. Ilibidi ufanye jambo. Na hapo ndipo linapoanza kuwa neno la kupewa na kupokonywa, maana kuzaliwa mahali hakuna anayeweza kukufutia, ila matendo yako kila mtu ana namna yake ya kuyapima.

Mfano wangu mimi ni Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 alikuwa mwanamke wa mjini Dar es Salaam, maarufu kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichokuwa kinapigania uhuru: wanawake wenu wako wapi? Swali hilo liliwaumbua. Akatafutwa Bibi Titi, naye hakwenda kuanza na hotuba za katiba. Alikwenda kwa mashoga zake wa ngoma. Vikundi vile tayari vilikuwa na viongozi, na michango, na njia za kupelekeana habari bila barua. Kwa muda mfupi TANU ikawa na wanawake wengi wenye kadi, wengine wakizificha waume zao wasizione. Hakuna aliyewaita wazalendo walipokuwa wanapiga ngoma harusini. Waliitwa hivyo walipobeba kadi, ingawa walikuwa walewale, na khanga zilezile.

Halafu gurudumu likageuka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba, na akaona hilo si haki. Akaachia nafasi yake katika chama. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini. Mwaka uliofuata akaachiwa kwa msamaha wa rais, akaishi kimya kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2000. Leo ukishuka daladala karibu na Mnazi Mmoja utaivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na pengine utamtukana dereva wa bodaboda hapohapo bila kuliwaza jina hilo. Mzalendo, mhaini, kisha barabara. Sheria ina mizani yake na mahakama ilisema ilichosema, sitaki kuifungua kesi upya hapa. Ninachokiona mimi ni kwamba waliompa jina la kwanza ndio waliompa la pili, na la tatu pia.

Sasa njoo kwa watu ambao hakuna barabara inayoitwa kwa majina yao. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuiteka ardhi ya Kagera. Nyerere akatangaza: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Malori na mabasi yakachukuliwa kubeba askari, mgambo wakatolewa vijijini, na mwezi Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vita ikaisha, bili ikabaki. Wananchi wakaambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18.

Ongea na mama yeyote aliyekuwa na watoto wadogo wakati ule. Atakusimulia foleni ya duka la ushirika iliyopangwa kwa mawe: unafika alfajiri, unaweka jiwe lako kushika nafasi, unarudi kuwaandaa watoto, na unaomba Mungu asije mtu akalisogeza. Atakusimulia nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuonekana. Miezi 18 ikapita, na mkanda haukufunguliwa. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, mauzo ya mazao yetu nje yalidorora, fedha za kigeni zikakauka. Ule ulikuwa uzalendo, sina ubishi. Lakini angalia ulivyofanya kazi: mtu mzima aliombwa kitu halisi, yaani sukari, sabuni, usingizi wa alfajiri, na alicholipwa ni neno. Ni kama mkopo ambao mkopeshaji hana hata karatasi. Na mkopeshaji huyo alipoanza kunong'ona kwamba mbona miezi imeshapita, alijiweka kwenye hatari ya kusikia kwamba uzalendo wake umepungua.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni ya kienyeji. Nikisikia raia wa kawaida anaitwa mzalendo, natazama nani anasema, na baada ya sifa anaomba nini. Mara nyingi kuna ombi nyuma yake: vumilia, changia, nyamaza, pigana.

Mara nyingi, nasema, maana kuna John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, Mexico City, mbio za marathoni. Mtu huyu wa Mbulu alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Wakimbiaji 75 walianza, 18 wakaacha njiani, na kwa goti lile hakuna ambaye angemlaumu kuwa wa 19. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa nzima wakati Akhwari anaingia uwanjani gizani, mguu umefungwa bandeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Akamaliza wa 57, wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Uzuri wa kisa hiki kwangu ni kwamba hakuna aliyemwambia afanye vile. Hakukuwa na kiongozi pembeni ya barabara akimkumbusha uzalendo. Alijiona anadaiwa, akalipa.

Vuka mpaka kwenda mashariki ya Kongo, neno lilelile la Kiswahili lina uso mwingine kabisa. Pale Kivu ukisema "Wazalendo" mtu hafikirii wimbo wa taifa, anafikiria vijana wenye bunduki. Waasi wa M23 waliporudi kwa nguvu, makundi ya kujihami ambayo mengine yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe yakajikusanya chini ya jina hilo, na mwaka 2023 Kinshasa ikatunga sheria ya jeshi la akiba iliyowafungulia mlango. Kwa wengi ni watoto wa kijiji waliokataa kukimbia. Kwa mwenye baiskeli ya mkaa anayetozwa hela kwenye kizuizi cha kamba, ni watozaji wengine tu. Na kuna waliobeba jina hilo bila bunduki: mjini Goma, tarehe 30 Agosti 2023, wafuasi wa dhehebu moja waliojulikana pia kama Wazalendo walijiandaa kuandamana kuwapinga walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wa nchi yao wakawafyatulia risasi, wakafa zaidi ya 40. Jina halikuwakinga.

Nairobi nayo, tarehe 25 Juni 2024, ilikuwa na watu waliojifunga bendera mabegani na kuimba wimbo wa taifa mbele ya mabomu ya machozi, wakipinga Muswada wa Fedha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10, inapotaja tunu za taifa huanza na uzalendo, na vijana wale walikuwa wanakinukuu. Usiku uleule Rais William Ruto akahutubia taifa na kuyaita yaliyotokea uhaini. Siku ya pili akakataa kutia saini muswada huohuo. Kati ya usiku ule na kesho yake, bendera ilikuwa ni ileile moja, imeshikwa na pande mbili.

Haya ni makubwa. Kwa wengi wetu uzalendo unakuja kupimwa dukani. Juzi nilinunua mabati na misumari, muuzaji akapiga hesabu kwenye kikokotoo kikubwa, akanitazama: "Bosi, nikupe bei ya risiti au bei ya kawaida?" Juu ya kichwa chake kulikuwa na bango: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Niseme ukweli, nilisita. Tofauti, yaani kodi, ilikuwa nauli yangu ya wiki. Nikamuuliza, sasa ndugu yangu, huo si uhujumu? Akanyoosha kidole nje, kwenye dimbwi lililomeza nusu ya barabara, lina umri mkubwa kuliko duka lake. "Na ile je?" akasema. Nilidai risiti, lakini sikujisikia shujaa. Nilijisikia mtu aliyelipia bati bei kubwa. Nadhani hivyo ndivyo uzalendo wa mtu wa kawaida unavyokuwa mara nyingi. Hauna ngoma. Hata mke wako nyumbani hatakusifu, atakuuliza chenji iko wapi.

Na muuzaji je, siyo mzalendo? Ana ndugu jeshini, bendera ndogo imechomekwa kwenye kaunta, na Stars wakicheza anafunga duka mapema. Mwaka 2017, enzi za sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa unasafirishwa nje, alikuwa wa kwanza mtaani kusema tunaibiwa. Sijui nimweke fungu gani.

Nirudi kibandani. Yanga walishinda bao moja kule Algiers, lakini kombe likaenda kwa wenzao kwa magoli ya ugenini. Miaka miwili ikapita. Tarehe 25 Mei 2025 ikawa zamu ya Simba: fainali ya kombe lilelile, Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kibanda kilekile, feni ileile. Simba wakatangulia, halafu Wamorocco wakarudisha dakika za mwisho, ikawa 1-1, na kwa vile walikuwa wameshatangulia mabao mawili kwao, kombe likaondoka tena. Nikageuka kumtafuta yule baba wa kijani. Alikuwa kona ya nyuma, kwenye nafasi ya mwenzake, anamenya chungwa polepole sana, na jezi za Berkane ni za rangi hiyohiyo.

"Mzee!" wa nyekundu akamfokea, machozi yanamlengalenga. "Uzalendo uko wapi?"

"Nimekuja kula chungwa langu tu, mwanangu," akasema, akamkatia kipande.