Je, wajua kwa nini mkaguzi wa dawa hukimbilia mafaili kabla ya kugusa dawa?

Wengi wakisikia kwamba kiwanda cha dawa kimekaguliwa, humwona akilini mtu wa koti jeupe akiokota vidonge viwili vitatu na kuvitia kwenye mashine, kisha jibu linatoka: dawa ni nzuri au ni mbovu. Kwa kweli mkaguzi anaweza kumaliza siku kadhaa kiwandani bila kupima kidonge hata kimoja. Kazi yake ni kusoma. Anaitisha faili, anauliza sahihi hii ni ya nani, anashuka stoo, anarudi kusoma tena. Ukimtazama kwa mbali utadhani ni mhasibu aliyepotea njia.

Si kwamba dawa haipimwi. Hupimwa, tena kwa sheria, na kiwanda chenyewe. Shida ni kwamba chupa ya dripu iliyofunguliwa ili itafutwe vijidudu haiwezi tena kutiwa mgonjwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzipima zote. Na zile chache zinazopimwa husema kidogo mno kuhusu zilizobaki.

Mkulima anayepeleka mahindi kwenye ghala la nafaka Nakuru au Kitale analijua jambo hili vizuri. Gunia la kilo 90 huchomwa bambo, ule mkuki wa chuma wenye uwazi, zikatoka punje za kujaza kiganja, na kwa kiganja hicho mzigo hupokelewa au hurudi kwenye lori. Kwa unyevu, mara nyingi kiganja kinatosha, kwa kuwa unyevu husambaa karibu sawasawa gunia zima. Aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, ni habari nyingine. Kuvu wake hukaa kwa mafungu: hindi moja lililolala kwenye matope, punje chache zilizotobolewa na wadudu. Punje hizo chache zinaweza kulivusha gunia zima juu ya kiwango cha Kenya, yaani sehemu 10 kwa bilioni, na bambo likapita kando yake bila kugusa hata moja. Cheti kitaandikwa salama. Mpimaji hajala rushwa na mashine haijaharibika. Bambo halikupita pale, basi. Cha kukusaidia zaidi hapo ni kujua mahindi yalianikwa wapi, yalinyeshewa au la, na yalikaa siku ngapi kabla ya kukauka. Hiyo ni historia, na haimo kiganjani.

Dripu ni vivyo hivyo. Kwa toleo kubwa la chupa za dripu, yaani chupa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, vitabu vya viwango vya dawa hutosheka na chupa 10 katika kipimo cha vijidudu. Tuseme katika kila chupa 100, moja ina vijidudu. Uwezekano wa chupa zote 10 kutoka safi ni asilimia 90. Kwa maneno mengine, toleo bovu litapita takriban mara tisa kati ya kumi. Asiyeamini achukue kikokotoo, azidishe 0.99 kwa yenyewe hadi zifike kumi.

Na yamewahi kutokea. Mwaka 1972, katika hospitali moja ya Devonport, Plymouth, Uingereza, vifo vya wagonjwa watano vilihusishwa na dripu ya maji ya sukari iliyotengenezwa mwaka uliotangulia. Sampuli za toleo hilo zilikuwa zimepita. Uchunguzi ulionyesha kwamba hewa ilinaswa ndani ya mtambo wa mvuke, chupa za chini zikakosa joto la kuua vijidudu. Ajabu ni kwamba chombo cha kurekodi joto kilikuwa kimeonyesha wazi kwamba joto halikupanda inavyotakiwa. Wafanyakazi wakadhani chombo ndicho kibovu, wakaendelea na kazi.

Mkaguzi huwinda karatasi za namna hiyo. Chukua fomu ya joto la friji ya chanjo, inayobandikwa mlangoni na kujazwa asubuhi na jioni. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Fomu yenye 5, 5, 5 mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, Jumapili kwa sikukuu, humtia mkaguzi wasiwasi kuliko yenye 9 iliyozungushiwa duara na maelezo kwamba stima ilipotea saa nane, chanjo zikahamishiwa kwenye kisanduku baridi. Kisumu hii hii, mwezi mzima bila stima kupotea? Atataka kuona na kumbukumbu za kifaa cha kielektroniki kilichomo ndani ya friji.

Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanywa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, yalikuwa na vituo Kombewa na Siaya, magharibi mwa Kenya. Anayepitia matokeo yake akiwa Ulaya hawezi kuirudia asubuhi ile mtoto alipopimwa. Kwa hiyo katika utafiti wa aina hii namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, ibaki ikisomeka, ya sahihi iandikwe kando pamoja na tarehe na herufi za jina la aliyeirekebisha. Wino mweupe wa kufutia ni mwiko. Ukimwonyesha mkaguzi daftari la miaka mitano lisilo na mkato hata mmoja, usingoje pongezi. Atakuuliza liliandikwa lini.

Hata hivyo karatasi nayo hutungwa. Mwaka 2013, tawi la Marekani la kampuni ya dawa ya Ranbaxy, ya India, lilikiri makosa ya jinai, na malipo yote yakafika dola milioni 500. Data za kughushi zilikuwa katikati ya kashfa hiyo. Aliyeiandikia mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2005 alikuwa mtu wa ndani, Dinesh Thakur. Mkaguzi mzoefu, akishayafunga mafaili, huomba kuzungumza na anayeuendesha mtambo, meneja akiwa amebaki ofisini kwake.