Je, wajua kwa nini gemu uliyoilipia mtandaoni huwezi kuiuza?

Kijana wa Chake Chake, Pemba, aliyeichoka diski yake ya gemu ya mpira hana taabu: ataiuza, ataibadilisha na nyingine kwa kuongeza fedha kidogo, au atamwachia mdogo wake. Lakini gemu hiyohiyo akiwa ameilipia katika duka la mtandaoni, kwa kawaida hana ruhusa ya kufanya hata moja kati ya hayo.

Sababu ni kwamba kinachouzwa humo si gemu bali leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, nayo hufungwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Mpemba atalifahamu hilo upesi akikumbuka ukodishaji wa mikarafuu, ambapo aliyekodi shamba huchuma karafuu, akazichambua na kuzianika juani, ila mikarafuu yenyewe haiuzi kwa kuwa si yake. Tofauti ni kwamba mwenye shamba husema waziwazi kuwa anakodisha, ilhali duka la gemu huandika "nunua" na kuyaficha masharti katika maandishi marefu ambayo, tuseme kweli, ni wachache mno wanaoyasoma. Ndiyo maana jimbo la California nchini Marekani likatunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowataka wauzaji wa namna hiyo waeleze bayana kwamba wanachotoa ni leseni.

Madhara yake si ya kubuni. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva, yaani kompyuta zake zinazoiendesha gemu kupitia intaneti, za gemu ya magari iitwayo The Crew, na kwa kuwa gemu hiyo haikuchezeka bila seva, hata waliokuwa na diski mkononi walibaki na plastiki tupu. Kwa hiyo diski nayo si kinga ya kila jambo.

Hata hivyo, sioni haki kuyalaumu maduka haya bila kutaja fadhila zake. Duka la Steam, lililofunguliwa mwaka 2003, kwa kawaida hurejesha fedha ndani ya siku 14 iwapo mnunuzi hajacheza zaidi ya saa 2; muuza diski wa mtaani hatakubali hilo. Tena gemu ya mtandaoni haikwaruziki, haingojei mzigo uvuke bahari, na mara nyingi hupunguzwa bei. Kinachomkaba mtu wa visiwani ni bando, kwani gemu kubwa za leo huweza kupita gigabaiti 100, na anayepakua kwa simu huwa analipa mara mbili, dukani na kwenye mtandao wa simu.

Lipo pia duka la GOG, ambalo huuza gemu zisizo na kufuli la kidijitali, yaani kinga inayozuia gemu kunakiliwa au kuchezwa bila idhini ya duka. Hiyo nayo ni leseni, lakini mnunuzi hupakua faili la kusakinishia, akalihifadhi kwenye diski ya nje, na akaicheza gemu yake peke yake hata siku intaneti ikikatika.